Keria ikikatika, tazama kando ya mshono

Wanaoniletea keria za pikipiki hapa Chake Chake huja na ombi moja: "Fundi, mara hii nipigie welding nene, isikatike tena." Mimi hutazama kwanza ilipokatika. Mara nyingi mshono wa welding wenyewe ni mzima. Lililopasuka ni bomba, ukingoni kabisa mwa mshono.

Huo ni uchovu wa chuma. Gunia moja la karafuu haliivunji keria. Inavunjwa na mitikisiko midogo midogo ya barabarani, inayojirudia maelfu kwa maelfu. Ufa huanzia pale mshono unapoinuka ghafla, au kwenye kifereji kilicholiwa na moto kando yake. Katika bomba la milimita 1.5, kifereji cha nusu milimita kimeshakula theluthi ya unene! Kwa hiyo huo mshono uliovimba, unaowapendeza wateja, ndio unaokusanya nguvu ukingoni.

Kwa vyuma vyembamba naipenda TIG, welding ya ncha ya tangsteni na gesi. Moto wake unautawala mwenyewe, na mshono hulala vizuri. Ila ni ya polepole, na gesi yake ya agoni ni ghali. MIG, ile ya waya unaojisukuma wenyewe, ni ya haraka, lakini moto ukiwa mdogo mshono hukaa juu juu bila kushika. Wengi wetu tuna mashine ya fimbo tu, nayo inafaa: chukua fimbo ya milimita 2, ampea 40 hadi 60, wala usianzie au kumalizia kwenye kona, maana hapo pa kuanzia na kukomea ndipo kasoro zinapojificha.

Kununua chuma kigumu zaidi ni kutupa pesa (hili wateja hawaniamini hata kidogo). Kikishachomelewa, huchoka karibu sawa na cha kawaida. Afadhali usogeze kiungo mbali na panapopinda sana: nguvu inayokipata ikipungua nusu, umri wake huongezeka kama mara 8.

Ufa ukishatokea, usiufunike kwa moto. Chomoa betri ya pikipiki, uufuate ufa kwa grenda mpaka unapoishia, toboa tundu dogo hapo, ndipo uchomelee. Kisha lainisha kingo za mshono, mikwaruzo ya grenda ielekee urefu wa bomba, isilikate kwa upana. Rangi ipakwe siku hiyo hiyo. Kwa hewa yetu ya chumvi kutu haichelewi, na kila kishimo chake ni mwanzo wa ufa mwengine.