Mama akipiga nasema naendelea vizuri

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 20, niko mwaka wa kwanza wa uhandisi hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Ludewa. Kidato cha sita nilipata daraja la kwanza, baba akauza magunia 12 ya mahindi ili nije. Hosteli nilikosa, nimebebwa na mwenzangu, tunalala wawili kitanda kimoja. Jaribio la kwanza la hesabu nimepata 11 kati ya 40. Wiki ya tatu sasa chakula hakipandi, naamka saa tisa usiku naangalia dari hadi kunakucha, vipindi siingii. Mjomba anasema nivumilie. Kuna usiku natamani nilale nisiamke.

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na mstari wako wa mwisho. Wazo hilo likirudi, usibaki nalo peke yako: mwamshe huyo anayekubeba, hata kama ni saa tisa hiyo hiyo, akupeleke hospitali. Lisiporudi, leo hii nenda zahanati ya chuo ukawasomee ulichoniandikia, na mstari huo usiuruke. Ukisema kichwa kinauma watakupa panadoli urudi kuangalia dari.

Jina la ugonjwa atalitaja daktari, lakini mimi naona dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Zikifika wiki 2 mfululizo, si za kusubiriwa, nawe umeshapita hapo. Inatibika kwa mazungumzo, na pengine dawa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, kwa hiyo usije ukaziacha siku ya tano ukisema hazifanyi kazi.

Mjomba simlaumu, nami niliambiwa hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilifeli takwimu nikavumilia kweli kweli, kimya, mlango nimefunga. Aliyenishtukia ni mama muosha vyombo wa kantini: sahani yangu ilirudi imejaa siku nne. Wewe usimsubiri muosha vyombo.

Hiyo 11 iache kwanza. Ukiona muhula umekushinda, mshauri wa wanafunzi atakueleza utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya. Utahitaji barua ya daktari. Kuahirisha si kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli.

Kwa mama usianze na neno sonona, atapanda basi usiku huo huo. Mwambie tu, "Mama, silali." Atakuuliza umekula nini. Mjibu ukweli.