Hasimu, adui ama tishio?

Swali: Shikamoo mwalimu. Asubuhi kwa redio ya matatu nimesikia nchi moja ikiitwa "taifa hasimu", dakika mbili baadaye ikawa "adui", halafu mbunge akapigiwa simu akasema hiyo nchi "ni tishio". Ni kitu kimoja ama? – Msomaji, Kayole.

Marahaba. Si kitu kimoja, na ukisikia mtu anayabadilisha haraka hivo jua kuna kitu anakupitishia. Hasimu ni yule mna ugomvi naye, neno limetoka Kiarabu na huko hata wenye kesi kortini huitwa hivo, yaani kesi ikiisha mnaweza kusalimiana. Adui anakutakia mabaya hata akiwa usingizini. Somalia ilitushtaki sisi Kenya kwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague 2014 juu ya mpaka wa baharini, hukumu ikatoka Oktoba 2021, hapo ukisema mahasimu sina neno, ukisema maadui umetia chumvi.

Sasa "tishio", hili ndilo linaniwasha. Ukisema "fulani ametutishia" lazima uulizwe ametutishia na nini, lini, alisemaje, manake kitenzi kinadai tendo. Lakini sema "fulani ni tishio" uone kama kuna mtu atauliza kitu, hako ka "ni" kamemaliza maneno, jamaa ni tishio hata akiwa ameketi kwake anakunywa chai. Wanasiasa wanajua hiyo siri kuliko sisi walimu.

George W. Bush, rais wa Marekani, Januari 2002, aliweka Iraki, Iran na Korea Kaskazini kwa kapu moja, na kwa Kiswahili tukapata "mhimili wa uovu", sasa mhimili ni kitu kimoja kinachobeba mzigo pamoja, na Iran na Iraki zilikuwa zimechinjana miaka minane, 1980 hadi 1988! Mhimili gani huo? Lakini jina likishabandikwa limebandikwa, na mwaka uliofuata Iraki ikavamiwa.

Linganisha na Nyerere 1978, jeshi la Idi Amin limeingia Kagera, vita kabisa si maneno ya redio: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Iangalie hiyo "m", kumpiga, mtu mmoja, hakusema kuwapiga wala kuipiga Uganda. Alikuwa anamwita nduli, na nduli si jina la kumpa mtu unayempenda, sisemi mzee alikuwa mpole, ila tusi lilikuwa na mwenyewe, Mganda wa kawaida hakuguswa nalo.

Hata kwa mpira iko. Magazeti yataandika Gor na Leopards "mahasimu wa jadi", lakini mashabiki wenyewe wanaita hiyo mechi dabi ya mashemeji, na Watanzania wana "watani wa jadi" wao, Simba na Yanga. Mawe hurushwa bado, tusidanganyane, lakini kesho mnakutana harusini.

Kwa hivyo wewe ukiandika, nchi inayotushinda kuuza maua ama chai ni mshindani, wacha iwe mshindani, usiipandishe cheo. Na huyo mbunge wako, angesema "wametutishia" ningeongeza sauti ya redio nisikie anaendeleaje.