Kamisheni ya wakala, mkopo wa alfajiri na chenji za makonda

SWALI: Assalaam aleikum, shehe. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza. Kila muamala nalipwa kamisheni. Alfajiri nawakopesha wachuuzi wa dagaa 200,000, jioni wanarudisha 205,000. Makonda wa daladala wananipa noti ya 10,000, nami nawapa sarafu za 9,500. Kipi halali?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Kamisheni ni halali. Mteja anayetoa 100,000 unamhesabia 100,000 kamili, na floti yako, yaani salio lako la uwakala kwenye simu, inapanda kiasi hichohicho. Unacholipwa ni ujira wa kazi. Kupanda kwa viwango vyake kadiri muamala unavyokuwa mkubwa hakuiharibu, maana vinajulikana kabla mteja hajaweka namba ya siri. Ila ile "mia tano ya juu" wanayoomba mawakala wengine ni kuvunja mkataba na kampuni.

5,000 ya wachuuzi ni riba, hata kama wameridhia na mkopo haukulala. Kuiita "ya soda" hakusaidii. Wala usiifiche kwenye nauli ya kumpelekea mchuuzi fedha mwaloni: Mtume (s.a.w.) amekataza kuunganisha mkopo na mauzo, na wanazuoni wameingiza humo na ujira. Fanyeni mudharaba. Wewe unatoa mtaji wa 200,000, yeye ananunua na kuuza, faida mnagawana kwa sehemu, tuseme theluthi yako. Akibaki na 230,000 baada ya ushuru na usafiri, faida ni 30,000, wewe 10,000. Mvua ikiwakuta dagaa kwenye chanja wakaoza, mtaji umekatika kwako, naye amepoteza jasho, isipokuwa amezembea. Ukisema "5,000 yangu iko palepale", mmerudi kwenye riba.

Chenji ndiyo huwatelezesha wengi, kwa kuwa hakuna anayemdai mwenzake. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, iliamua mwaka 1986 kuwa noti zina hukumu ya dhahabu na fedha (madini): shilingi kwa shilingi iwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. 9,500 kwa 10,000 ni riba. Lakini konda akikukabidhi 10,000 yake ukamtafutie sarafu benki, ukamletea zote, kisha akakupa 500 nyingine ya kutumwa, huo ni ujira. Sarafu zikiwa tayari kwenye droo yako, 500 hiyo inakuwa bei ya sarafu.

Nyongeza ulizokwisha pokea warudishie unaowajua. Usiowakumbuka, kisia kiasi chao uwape maskini kwa niaba yao.