Maswali ya wasomaji: Ukungu wa Lushoto na picha za kijivu

SWALI: Mwezi wa nne nilikaa Lushoto siku tatu na kamera niliyoinunua ya mtumba, yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Siku mbili mfululizo Irente, ile miamba ya kutazamia bonde, ilikuwa imefunikwa na ukungu, na picha zote zimetoka kijivu kama nilizipiga magharibi. Siku ya tatu jua likatoka, lakini mbingu ikawa nyeupe pe na milima nyeusi ti. Fundi wa kamera ananiambia ninunue filta, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi. Ninunue?
– Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu yangu, hela ya filta iweke kwanza. Tuanze na ukungu, maana ndio uliokupa siku mbili nzuri kuliko hiyo ya tatu.

Kamera haijui kuwa inatazama ukungu. Imeundwa kudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hiyo ikiona weupe mwingi inaupunguza mpaka ufanane na kijivu chake. Wewe ndiye wa kuikatalia. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, upandishe mwanga hadi +1, upige, utazame. Ukungu ukiwa mzito sana, ongeza kidogo tena. Kwa simu, gusa skrini, kisha pandisha kile kijua kidogo kinachotokea kando.

Halafu, asubuhi ya ukungu usiende Irente kabisa. Pale uzuri wote uko mbali, chini bondeni, na ukungu unameza cha mbali kwanza. Panda msitu wa Magamba. Ndani ya msitu mti ulio hatua tatu kutoka kwako unatoka mweusi, wa nyuma yake wa kijivu, wa nyuma zaidi unabaki kivuli tu. Hapo ndipo picha inapata kina, na siku ya jua kali huwezi kukipata, kwa sababu matawi na vivuli vyote vinagombana. Chagua shina moja la karibu liwe nguzo ya picha, ukae hapo, ukungu upite wenyewe. Mimi hukaa hata saa nzima mbele ya mti mmoja. Ukikutana na mama anashuka na mzigo wa kuni, msalimie kwanza, shikamoo yake umpe, umwombe ruhusa. Akikataa, mpishe njia na kamera ishushe.

Sasa Irente yenyewe. Ile miamba inatazama upande wa machweo, kwa hiyo nenda alasiri, saa 10 uwe umeshafika. Mwaka mmoja wakati wa masika nilisimama pale tangu saa 8 mchana, sioni hata ukingo wa jabali. Wageni walikuja wakaondoka. Saa 11 kasoro nikakunja stendi, nikafunika lenzi, nikatembea kurudi barabarani. Nilipogeuka nyuma, ukungu ulikuwa umepasuka kama pazia la kitenge lililochanika katikati. Chini kabisa, mistari ya mashamba ya mkonge ilikuwa inawaka kwa mwali mmoja wa jua, na pande zote mbili wingu jeusi. Nilikimbia. Nilipofungua mguu wa tatu wa stendi, pazia lilikuwa limeshafunga. Tangu siku hiyo, ukungu ukiwa unatembea, kamera yangu inabaki juu ya stendi, kiwango cha mwanga kimeshapangwa, mpaka giza liingie. Ukungu uliosimama tuli unaweza kuuacha ukanywe chai. Unaotembea usiuache hata kidogo.

Mwali wa namna hiyo ukitokea, fanya kinyume cha nilichokueleza kuhusu ukungu: punguza, −1 au zaidi. Hilo pia ndilo jibu la siku yako ya tatu. Mbingu ikishaungua ikawa nyeupe, hakuna programu ya kuirudisha, lakini weusi wa milima unaweza kuufungua baadaye kama umepiga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Pima mwanga wa mbingu, na milima utaishughulikia nyumbani.

Filta ya kuzuia mng'ao ina kazi moja ambayo ningeilipia: baada ya mvua, inaondoa mng'ao juu ya majani, na migomba iliyolowa inarudisha kijani chake. Kwenye ukungu haikusaidii kitu. Ile yenye nusu nyeusi nusu wazi imefaa zaidi baharini, kwenye upeo ulionyooka. Usambara haijanyooka popote.

Jambo la mwisho kwako: hapa kwetu karibu na ikweta jua linashuka wima, halielei pembeni kama Ulaya. Likishazama, una dakika 20 hivi za nuru ya kufanyia kazi, basi. Ile sehemu ya rangi yenye alama za jua, wingu na taa, iweke kwenye jua, usiiachie kamera ichague, maana itakuondolea wekundu wote uliousubiri.

SWALI: Kila nikitoka hotelini Zanzibar asubuhi, lenzi inapiga mvuke na jahazi zinaondoka kabla sijapata picha. Nifanyeje?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Lenzi imelala kwenye kiyoyozi, imepoa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ni kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Usifute, maana mvuke unarudi na kitambaa kinaacha michirizi. Ukilala, acha begi la kamera limefungwa bafuni au barazani, mahali ambapo kiyoyozi hakifiki. Ukisahau, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa kabla hujafungua mlango, uiache humo nusu saa nje ndipo uitoe. Mvuke utabaki juu ya plastiki. Na usibadilishe lenzi wakati huo hata kama jahazi linakuita. Unyevu ukiingia ndani ya kamera, ndiyo mwanzo wa kuvu.