Maharage kwenye shamba lililopigwa atrazini

Dada, umeuliza kama unaweza kupanda maharage mwezi Machi hapo Uyole, Mbeya, kwenye shamba ulilokodi ambalo mwenyewe alipiga atrazini ya kuua magugu ya mahindi mwezi Desemba. Nakusihi, usimwage mbegu bado.

Kwa kawaida nusu ya atrazini huisha udongoni kwa takribani siku 60, kisha nusu ya iliyobaki kwa siku 60 nyingine, hivyo hivyo. Kufikia Machi huenda theluthi bado ipo. Na hizo siku 60 si sheria. Wanaoivunja zaidi ni vijidudu vya udongoni, na baridi ya huko nyanda za juu inawapunguza kasi. Udongo ukikauka, ndiyo kabisa. Mahindi hayadhuriki kwa sababu mmea wake huigeuza sumu hiyo ikawa kitu kisichoudhuru. Maharage hayana uwezo huo.

Jaribu kwanza hivi: chota udongo sehemu kadhaa za shamba, ujaze makopo yaliyotobolewa chini. Makopo mengine jaza udongo wa mahali pasipopigwa dawa. Panda maharage kote, mwagilia, weka penye jua. Yataota vizuri yote, usidanganyike! Dawa hii huingia kwa mizizi, dalili huchelewa: majani ya chini yanageuka njano kuanzia pembeni, halafu yanakauka. Ngoja wiki 3.

Yakiharibika yale ya makopo yenye udongo wa shambani tu, panda mahindi au mtama, maharage yasubiri msimu mwingine. TARI Uyole (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) wako jirani yako, wapelekee makopo hayo wayaone. Na muulize mwenye shamba alipiga kipimo gani.