Sheikh wa farasi weupe kwenye Ben-Hur
Umeuliza kama aliyeigiza yule sheikh kwenye filamu ya Ben-Hur ya 1959 ni Mwarabu. Hapana ndugu, siyo Mwarabu. Ni Hugh Griffith wa Wales, mzaliwa wa kisiwa cha Anglesey mwaka 1912, karani wa benki aliyeacha hesabu akaenda kusomea uigizaji London. Walimpaka rangi usoni ili aonekane Mwarabu. Leo isingepita kirahisi. Lakini tazama pale hemani anavyowabembeleza wale farasi wanne kama wanawe wa kuzaa! Nafasi hiyo fupi ikampa tuzo ya filamu ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Jukwaani ndiko alikotisha zaidi, kwa maoni yangu: mwaka 1949 huko Swansea, Wales, aliigiza Mfalme Lear katika tamthilia ya Shakespeare. Alifariki London 1980.