Nafasi ya diski imepotea baada ya Ubuntu kugoma? Usipige Windows upya kwanza

Mkuu, nimekusoma. Una laptopu ya mtumba yenye diski ya GB 500, Windows 10 ilikuwa na C moja kubwa, ukajaribu kuweka Ubuntu (mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta kama Windows) pembeni yake, umeme wa Ujiji ukakatika katikati ya kazi na betri ilishachoka. Ukafuta kilichobaki, na sasa C ni GB 340 tu. Extend Volume, amri ya Windows ya kuongeza C, imefifia haibonyezeki, na fundi amekwambia dawa ni kupiga Windows upya.

Usipige. Nahudumia laptopu hapa Mwanga na za aina hii zinaletwa kila mara, hasa na vijana wanaotoka vyuoni likizo. Mara nyingi Windows inabaki ilivyo, mafaili yanabaki yalivyo, na bando la kupakua faili zima la Windows unabaki nalo mfukoni.

Kwanza hesabu. Diski ya GB 500 Windows huionyesha kuwa GB 465. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo unachodai ni GB 120 na ushee, siyo 160 ulizoandika. Nimeona mtu amezunguka mafundi wote wa mjini akitafuta GB ambazo hazikuwahi kuwepo.

Sasa, kwa nini Extend imefifia? Windows inaweza kuongeza C kwa nafasi iliyogusana nayo upande wa kulia tu, na nafasi hiyo iwe haina mwenyewe kabisa. Ni kama kiwanja: huwezi kusogeza ukuta wako ukameza eneo lililo nyuma ya nyumba ya jirani, hata kama umelilipia. Hivyo jambo la kuangalia kabla ya lolote ni nani kakaa katikati. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management, uusome ule mchoro wa chini kutoka kushoto kwenda kulia. Usisome orodha ya juu, haionyeshi mpangilio.

Wewe umeandika kwamba mwishoni pana kisanduku chenye kijani na maneno "Free space". Hapo ndipo jibu lako lilipo, na wengi waliokujibu juu wamelipita. Free space ya kijani na Unallocated yenye mstari mweusi ni vitu viwili tofauti. Laptopu za zamani mara nyingi zinatumia MBR, njia ya zamani ya kugawa diski, ambayo inaruhusu patisheni (vipande vya diski) kuu 4 tu. Ukitaka zaidi ya hapo, inatengenezwa patisheni moja ya kubebea nyingine ndani yake, inaitwa Extended. Ubuntu ikikuta diski ya namna hiyo mara nyingi hujipanga humo ndani. Wewe ulifuta vilivyokuwa ndani, chombo chenyewe kikabaki kitupu. Kwa C, hicho chombo bado ni jirani.

Kwa hiyo bofya kulia kwenye hicho kijani, chagua Delete Partition, kitageuka kuwa cheusi. Rudi kwenye C, bofya kulia, Extend Volume itakuwa imeamka. Next, Next, Finish. Ila angalia: kama ndani ya mpaka huo wa kijani kuna D yenye mafaili yako, chombo hakifutiki mpaka D itoke, kwa hiyo hamishia mafaili kwenye flashi au diski ya nje kwanza.

Kwa wengine mtakaosoma uzi huu mkiwa na laptopu mpya za GPT, njia mpya ya kugawa diski, hali yenu ni nyingine. (Kujua uko upande gani, fungua Command Prompt kama administrator, andika diskpart, halafu list disk, penye nyota chini ya Gpt ni GPT.) Huko mtakuta kisanduku kisicho na jina wala herufi, kikubwa kama nafasi mliyoipa Ubuntu. Ndicho hicho. Windows haisomi ext4, mpangilio wa mafaili wa Ubuntu, kwa hiyo msishangae ikiwaomba kuiformati. Bofya kulia, Delete Volume, kisha ongeza C. Ile ndogo iliyoandikwa EFI System Partition msiiguse hata kidogo. Mara nyingi ni MB 100, hamtapata nafasi ya maana na Windows haitawaka.

Recovery, patisheni ya Windows ya kujiokoa ikiharibika, ikiwa imekaa katikati ndiyo inayosumbua. Hutokea pale Windows inapojisasisha na kuhitaji Recovery kubwa zaidi: inakata kipande cha C na kuijenga hapo hapo pembeni. Njia moja ni kutumia GParted, programu ya kupanga patisheni, kutoka kwenye flashi na kuisogeza, lakini kusogeza patisheni huku umeme ukikatika ni kujitafutia msiba, na umeme wetu mnaujua. Mimi hufanya hivi kwenye Command Prompt ya administrator: naizima Recovery kwa reagentc /disable, halafu ndani ya diskpart nachagua patisheni hiyo na kuandika delete partition override, naongeza C, namaliza kwa kuiwasha tena na reagentc /enable. Soma namba ya patisheni mara mbili kabla ya override, kwa sababu amri hiyo haiulizi.

Kabla ya kufuta chochote cha Linux, hakikisha nani anaiwasha mashine. Ukifuta patisheni ya Ubuntu wakati GRUB, programu ya Ubuntu ya kuwashia mashine, ndiyo inayopokea, utakutana na skrini nyeusi imeandikwa grub rescue. Kwako sidhani kama ipo, maana GRUB huwekwa karibu na mwisho wa kazi na wewe umeme ulikatika kabla. Zima na uwashe: ikiingia Windows moja kwa moja, umesalimika. Aliyekwisha kukwama kwenye grub rescue naye asilie. Kwenye UEFI (laptopu mpya, zile za GPT) ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, weka Windows Boot Manager iwe ya kwanza. Kwenye MBR washa na flashi ya Windows, chagua Repair, fungua Command Prompt, andika bootrec /fixmbr.

Wenye Windows 11, andikeni manage-bde -status kwenye Command Prompt ya administrator kabla ya kuanza. Laptopu nyingi huwa zimewasha BitLocker, ulinzi unaofunga diski kwa funguo, zenyewe bila mwenyewe kujua, na ukichezea mpangilio wa kuwaka inaweza kukudai funguo ya tarakimu 48. Itafuteni kwenye akaunti yenu ya Microsoft mapema, intaneti ikiwepo.

Mkuu, kuna jambo moja nje ya swali lako. C yako ya GB 340 imejaa? Kama haijajaa, hizo GB 120 mimi ningezifanya D na kuweka humo picha, notisi na kazi za ofisini. Siku Windows ikiharibika kweli, unapiga C peke yake na D haiguswi. Kuna watu wanataka C iwe kubwa kwa sababu tu inapendeza kuiona.

Fanya ukiwa umechomeka chaja kwenye UPS, au azima betri ya mtu, kwa sababu yako umesema imekufa. Ikigoma, piga picha mchoro wote wa Disk Management mpaka mwisho wa kulia uweke hapa. Ile uliyoweka imekatika pale pale tunapopataka.